Kutoka 3.00-17 hadi 100/90-17: shajara ya gurudumu la nyuma la Boxer

Nabeba mboga kutoka Nyandira, milimani Mgeta, kushuka Sangasanga, mkoani Morogoro, karoti na kabichi kwa sehemu kubwa. Pikipiki ni Boxer 150, mbele 2.75-17, nyuma 3.00-17, kama Boxer nyingi mnazoziona vijiweni. Kiangazi sina neno nayo. Masika yakianza, ule udongo mwekundu wa Mgeta unajaa kwenye kashata, yale meno ya tairi, tairi linakuwa kipara ndani ya mita hamsini, na mzigo unaanza kukupeleka unakotaka wenyewe. Mwaka jana nilianguka mara tatu kwenye kona moja. Safari hii nataka tairi pana zaidi nyuma kabla mvua hazijaanza. Naandika kila hatua kwa sababu nilipouliza vijiweni kila mtu alinijibu "linaingia", na hakuna aliyeniambia likishaingia inakuwaje.

Gharama nitaziandika kila ninapotoa hela, pamoja na zile za ujinga wangu.

Jumamosi, 1 Februari 2025. Vipimo

Kwanza namba. Kwenye 3.00-17, ile 3.00 ni upana kwa inchi, kimo ni karibu hivyohivyo, na 17 ni kipenyo cha rimu. Kwenye 100/90-17, 100 ni upana kwa milimita na kimo ni asilimia 90 ya huo upana, yaani milimita 90. Inchi 17 ni milimita 431.8. Jumlisha kimo mara mbili, unapata kipenyo cha tairi zima: 90/90-17 ni kama milimita 594, 100/90-17 ni 612, 110/90-17 ni 630. Pacha wa 3.00-17 ni hilo la 90/90-17, kwa hiyo ukilivalisha hujabadilisha kitu cha maana.

Nikachora chaki kwenye tairi na kwenye sakafu, nikakaa juu, mdogo wangu akasukuma hadi chaki ikarudi chini. Mzunguko mmoja sentimita 182. Tairi lenyewe limelika, jipya lingetoa zaidi kidogo.

Nafasi zilizopo, tairi la zamani likiwa ndani: upande wa cheni, kutoka tairi hadi kava ya cheni, milimita 16. Upande wa breki, hadi kile chuma kirefu kinachozuia kifuniko cha breki kisizunguke, 19. Mbele ya tairi, hadi bomba linalounganisha mikono miwili ya swingamu, ule uma unaoshika gurudumu la nyuma, 24. Juu kwenye madigadi kuna nafasi ya kutosha.

Mwisho rimu. Nikaazima futi ya cherehani ya mke wangu, nikapima kutoka ukingo hadi ukingo, nikapata milimita 63. Inchi 2.5 ni milimita 63.5. Chati za matairi zinasema 110/90 linakaa vizuri kwenye rimu ya 2.50. Basi, nanunua 110/90.

Nimeongeza hapa baadaye: usifanye nilivyofanya. Soma hadi tarehe 15.

Jumapili, 9 Februari. La 110/90-17 limeingia

Tairi la kashata nzito, shilingi 95,000, Morogoro mjini. Tyubu nimebakiza ya zamani, ina kiraka kimoja tu, kwa nini nitupe hela.

Kulivalisha hakukuwa na shida: maji ya sabuni, vyuma vya kubandulia, magoti. Shida ilikuwa mdomo wa tairi kukaa kwenye ukingo wa rimu. Pembeni mwa kila tairi kuna mstari mwembamba unaozunguka karibu na rimu, na unatakiwa uonekane kwa umbali uleule pande zote. Wangu ulikuwa unazama sehemu moja kama jahazi linaloingiza maji. Nikatoa upepo, nikapaka sabuni tena, nikajaza hadi pauni 45, likagonga *paa*, nikashusha hadi 32. Mara ya tatu ndipo likakaa.

Kisha bomba la mbele. Ile nafasi ya milimita 24 ikawa 4. Ikabidi gurudumu lirudi nyuma, na cheni ikakataa. Cheni yangu, saizi 428, ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, na huwezi kuongeza kipande kimoja, unaongeza jozi, ndani na nje. Jozi moja inakupa ruhusa ya kurudisha ekseli, ule mhimili wa gurudumu, nyuma kwa hizo milimita 12.7. Jozi na kiungo 3,000, kuunga nimeunga mwenyewe.

Likisimama linapendeza, siwezi kusema uongo. Nimeliangalia muda mrefu kuliko inavyostahili mtu mzima. Ila nikiweka stendi ya kati gurudumu linagusa chini, halizunguki. Na nilipopima upana nikapata milimita 104 badala ya 110. Nikasema labda kiwanda kimepunja.

Fundi wa pancha aliyenisaidia kujaza: 3,000. Leo jumla 101,000.

Jumatano, 12 Februari. Safari ya kwanza na matatizo manne

La kwanza lilianza kwenye lami, kabla hata ya mlima. Ukiilaza pikipiki kidogo haileti kitu, ukiongeza kidogo tu inaanguka ghafla upande huo, kama meza yenye mguu mfupi. Nikadhani ni ugeni wa tairi.

La pili lilianza kunuka nikipanda. Nikasimama, nikatemea mate kwenye kikombe cha breki ya nyuma, yakachemka. Sababu ni mimi. Breki ya nyuma inavutwa na fimbo kutoka kwenye kanyagio, na ukirudisha gurudumu nyuma fimbo inavutika, breki inabaki imeshika. Nililegeza nati ya fimbo mizunguko sita hadi gurudumu likawa huru. Anayerudisha ekseli nyuma aanze na nati hiyo, asisubiri harufu.

La tatu, nikiwa na matenga mawili ya karoti nashuka, kila shimo linatoa sauti ya *krrr* upande wa kushoto. Kashata zinalamba kava ya cheni. Kwenye karatasi nilikuwa na nafasi: tairi limeongezeka milimita 24 za upana, 12 kila upande, kwa hiyo zinabaki 4. Lakini tairi lenye mzigo halisimami kama tairi lililo kwenye stendi. Linavimba chini na kuyumba pembeni, na milimita 4 zinakwisha kwenye shimo la kwanza.

La nne lilinimaliza. Kilomita chache kabla ya Sangasanga nyuma ikalegea yote kwa mara moja. Pikipiki ikacheza, nikaishika, tenga moja likakatika kamba na karoti zikatandaza barabarani. Tyubu ilikuwa imechanika kwenye shina la valvu. Tyubu ya 3.00 ndani ya tairi la 110 inalazimika kuvimba kupita kipimo chake. Inakuwa nyembamba kama puto, na mahali panapoanza kuachia ni pale mpira unapokutana na chuma cha valvu. Ikichanika pale haizibiki.

Mama mwenye karoti hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Mwanangu, karoti zenye mchanga zinauzwa bei ya sungura." Nikamlipa 15,000. Tyubu 9,000, kuvalisha 1,000. Jumla ya leo 25,000. Jumla kuu 126,000.

Jumamosi, 15 Februari. Kiatu cha kaka

Nimempelekea gurudumu mzee mmoja anayesuka rimu kwa spoki mjini, wa zamani, amesuka baiskeli za Phoenix kabla bodaboda hazijaja. Hakuuliza kitu. Alichukua brashi ya chuma, akasugua kutu upande wa pili wa valvu, akanionyesha maandishi yaliyogongwa kwenye rimu: 17x1.85.

"Nilipima, mzee. Ni 2.50."

"Ulipima wapi?"

Nikamwonyesha. Akacheka hadi akakaa chini. Upana wa rimu unapimwa ndani, kati ya kuta mbili zinazobana mdomo wa tairi. Mimi nilipima nje, pamoja na unene wa kingo zenyewe zilizokunjwa, kama milimita 8 kila upande. Ndani ni milimita 47, na inchi 1.85 ni milimita 47. "Umevaa kiatu cha kaka yako," akasema, "halafu unashangaa unajikwaa."

Hapo yote yakaeleweka. Rimu nyembamba inabana midomo ya tairi kuja ndani, tairi linajikunja na kuwa la mviringo kama yai. Ndiyo maana upana ulikuwa 104, kiwanda hakikupunja mtu. Ndiyo maana lilikuwa linaanguka kwenye kona: linasimama juu ya mstari wa katikati tu, mabega hayagusi chini. Kwa hiyo nilikuwa nimelipia tairi pana ili nipate tairi jembamba refu. Kwa rimu ya 1.85, mwisho wa uungwana ni 90/90. Tairi la 100/90 linataka kuanzia 2.15.

Tulipolivua tukakuta na mtaro, mfupi lakini wa kina cha milimita 2, katikati ya kashata. Si wa kava ya cheni. Ni bolti ya madigadi: mkia wake ulikuwa umetokeza kwa ndani, na mzigo ukididimiza shokapu tairi linaukuta. Na hapo nilikuwa nimeandika "juu kuna nafasi ya kutosha". Tumeigeuza, kichwa ndani, nati nje. Kama ni jambo moja tu utakalofanya kati ya haya yote, lifanye hilo, hata kwa tairi lako la kawaida.

Lile la 110/90 nimemwuzia jamaa mwenye pikipiki kubwa yenye rimu pana, 60,000, nikiwa nimemwonyesha mtaro. Jumla kuu imeshuka hadi 66,000, na pikipiki imerudi kwenye 3.00 yake nzee.

Jumamosi, 1 Machi. Manunuzi, safari hii kwa kufuata mpangilio

Rimu ya chuma 2.15x17, matundu 36 kama haabu yangu, kile kitovu cha gurudumu, 42,000. Nimepima ndani, dukani, kwa kipimo cha chuma, mwenye duka akinitazama: milimita 55. Spoki 36 na vichwa vyake 12,000. Tairi 100/90-17 la kashata za wastani 80,000. Tyubu iliyoandikwa 100/90-17, 10,000. Mpira wa ndani wa kufunika vichwa vya spoki 2,000.

Pembeni mwa tairi jipya pameandikwa 55P, la zamani ni 50P. Hiyo 50 ni namba ya mzigo, maana yake kilo 190. 55 ni kilo 218. P ni mwendo, kilomita 150 kwa saa, haunihusu. Kilo 28 za ziada ndizo zinanihusu.

Leo 146,000. Jumla kuu 212,000.

Jumamosi, 8 Machi. Kusuka

Mzee amefunga, kwa hiyo anafanya kazi asubuhi tu na hataki maneno mengi. Nilifika saa moja na nusu.

Kosa la leo ni letu wote wawili. Tulikata spoki za zamani kabla ya kupima rimu ilikuwa imekaa wapi kwa haabu. Rimu ya nyuma si lazima iwe katikati ya haabu. Inaweza kuwa imesogezwa upande mmoja ili iwe katikati ya pikipiki, kwa sababu sproketi, ile sahani ya meno inayovutwa na cheni, inakula nafasi ya kushoto. Alisuka vizuri, akanyoosha hadi ukishika kijiti kwenye swingamu rimu inapita bila kucheza zaidi ya milimita moja. Tukaifunga. Nikavuta uzi kutoka tairi la nyuma kuja la mbele, pande zote mbili, na nyuma ilikuwa imekaa kushoto kwa milimita 5.

Dawa yake si kusuka upya. Unalegeza spoki zote za kushoto nusu mzunguko, unakaza zote za kulia nusu mzunguko, unapima, unarudia. Mara tatu ikakaa sawa, kisha akanyoosha tena mchezo mdogo uliojitokeza. Ungekuwa umeandika namba moja kwenye karatasi kabla ya kukata, ungeokoa saa mbili za mtu aliyefunga.

Jingine: rimu hii ina tumbo lenye kina zaidi kidogo kuliko ya zamani, kwa hiyo spoki za urefu uleule zikachungulia kwa ndani kupita vichwa vyake. Ukipitisha kidole unachomwa. Alizipiga tupa moja moja, zote 36, hadi zikawa sawa na vichwa, akafuta vumbi la chuma kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ndipo tukaweka mpira. Nimepitisha kidole mara mbili kwa sababu simwamini mtu tena, nikiwemo mimi.

Tairi limekaa mara ya kwanza, pauni 38, mstari sawa pande zote. Mshale wa mzunguko umeelekea mbele, nilihakikisha. Upana milimita 97. Kava ya cheni: nafasi 8. Chuma cha breki: 10. Mbele, ile jozi ya cheni niliyoongeza ikiwa bado ipo, 23. Stendi ya kati inanyanyua gurudumu, kwa nafasi ya karatasi chache, lakini linazunguka. Mzunguko mmoja kwa chaki, nikiwa juu: sentimita 189.

Ufundi 20,000. Jumla kuu 232,000.

Jumapili, 16 Machi. Stendi ya pembeni

Jambo hili hakuna aliyelisema. Nyuma ikipanda, hata kwa sentimita moja, stendi ya pembeni inakuwa fupi na pikipiki inalala zaidi. Tupu huoni tofauti. Nikiwa na matenga mawili, niliiegesha mahali penye mwinamo kidogo, nikageuka kuchukua kamba, nikasikia *bwaa*. Kioo kimoja cha pembeni kimepasuka, kabichi hazikuumia.

Nimechomelea kibati cha milimita 10 chini ya mguu wa stendi, kipana, ambacho sasa hata kwenye tope hakizami. 3,000. Kioo bado sijanunua. Jumla kuu 235,000.

Jumamosi, 29 Machi. Gia ya kwanza

Kutoka 182 hadi 189 ni ongezeko la karibu asilimia 4. Kwenye lami ni raha, injini imetulia. Kwenye mlima na mzigo nimepoteza kitu: pale nilipokuwa napanda na gia ya pili sasa nashuka ya kwanza, na penye ya kwanza nafinya klachi. Nilikuta sproketi ya nyuma ya meno 42, nimefunga ya 44, 18,000. Meno mawili ni karibu asilimia 5, kwa hiyo nimerudisha nilichopoteza na chenji kidogo. Sproketi kubwa inakula urefu wa cheni, kwa hiyo ekseli imekuja mbele kama milimita 6, na ile jozi ya cheni ya tarehe 9 Februari imepata kazi halali. Safari hii nati ya fimbo ya breki nimeigusa kwanza.

Watu wameniuliza kama saa ya mwendo sasa inadanganya. Hapana. Kwenye hii Boxer waya wa saa unatoka kwenye gurudumu la mbele, na mbele sijagusa. Ukiweka 3.00 mbele badala ya 2.75, hapo ndipo itasoma pungufu kwa kama asilimia 2.

Jumla kuu 253,000. Kati ya hizo 66,000 ni za lile la 110/90.

Jumamosi, 12 Aprili. Mvua zimekuja

Wiki tatu za matope. Ile kona ya mwaka jana nimeipita mara kumi na nne bila kuanguka, mara moja kwa miguu yote miwili chini, naihesabu.

Upepo ndio umenisumbua. Nilianza na pauni 32, nikiwa na mzigo inafaa, nikirudi tupu kupanda tairi linarukaruka na kuteleza. Nikashusha hadi 18 kwenye tope baya, linashika kama kucha. Siku ya pili nikaona valvu imelala, haisimami wima kwenye tundu lake. Tairi lilikuwa linateleza juu ya rimu kila nikifungua mafuta, likiburuta tyubu, na safari nyingine tatu ningechana shina la valvu kama Februari. Nimetoa upepo wote, nimelisukuma tairi lirudi, nimejaza. Sasa tupu ni 24, na mzigo 32, sishuki chini ya hapo. Nati ya valvu nimeirudisha juu karibu na kofia yake badala ya kuikaza kwenye rimu: valvu ikianza kulala naiona mapema, na haivutwi kwa nguvu.

Spoki nimezikaza mara moja, baada ya kilomita mia tatu za kwanza. Nne zilikuwa zimelegea, zote jirani. Unazigonga na spana ndogo, zilizolegea zinalia kama kopo. Tangu hapo kimya.

Kava ya cheni haina mkwaruzo mpya. Mafuta yanakwenda kidogo zaidi: kwa safari ileile na mzigo uleule nilikuwa napata kilomita 38 kwa lita, sasa 36.

Jana dogo mmoja wa kijiweni kaja na 120/80-17 begani, jipya, bado lina nywele za kiwandani. Kaniuliza kama litaingia kwenye yake. Nikamwambia ashike tochi, nikachukua brashi ya chuma, tukasugua upande wa pili wa valvu. 17x1.85. Kwa bahati risiti alikuwa bado nayo mfukoni.